Ridhaa ya Wenye Kuilima Ardhi

Afikaye leo Nandagala, katika wilaya ya Ruangwa iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, akaiona mikorosho na mashamba ya ufuta, si rahisi kwake kutambua kwamba nchi hii ya kusini imekwisha kupangwa mara mbili na watu wasioilima.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1947, pale serikali ya Uingereza, kwa uhaba wa mafuta ya kula uliowasibu raia wake baada ya vita, ilipoazimia kufyeka mamilioni ya ekari ili kupanda karanga, ikiwemo katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Na azimio hilo lilipitishwa London kwa kutegemea taarifa ya wajumbe watatu waliozunguka nchi kwa majuma machache, bila ya ridhaa ya wakulima kutakiwa. Reli ikajengwa kutoka pwani, matrekta yakashushwa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Mara ya pili nia ilikuwa njema, nami naiheshimu: kuwakusanya watu waliotawanyika ili wapate shule, zahanati na maji. Hata hivyo siasa ya vijiji vya ujamaa, iliyohubiri hiari tangu mwaka 1967, iligeuka amri mwezi Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini. Na wengi walihama wakiacha miti yao ya matunda na makaburi ya wazee wao.

Swali la ridhaa lilirudi baadaye: Tume ya Rais ya masuala ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoanza kazi mwaka 1991, ilishauri ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji. Rai hiyo haikukubaliwa yote. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano huo, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kusema ndani yake.

Kuna kasoro moja, nayo ni kubwa katika wilaya kama Ruangwa, inayotafutwa kwa madini ya kinywe. Serikali ikitaka kuiondoa ardhi isiyozidi hekta 250 mikononi mwa kijiji, mkutano waweza kukataa. Ikizidi hapo, wanakijiji hutoa mapendekezo tu, na uamuzi ni wa Waziri.