Ng'ombe, Doti na Namba: Mali na Utu katika Historia ya Buha



Juma hili tunapenda tutafakari pamoja swali lililo la zamani kuliko maduka yote ya Kasulu na Kibondo: je, mtu ni kile alicho nacho? Wengi wetu husema kwamba tabia ya kumpima mtu kwa vitu vyake imeletwa na simu za mkononi na pikipiki. Lakini tukiifungua historia ya Buha tutaona kwamba tangu kale vitu vimekuwa vikimtambulisha mtu. Kilichobadilika ni kile ambacho vitu hivyo vilisema juu yake.

Katika falme za Buha, kama Heru upande wa Kasulu na Muhambwe upande wa Kibondo, mali iliyopita nyingine zote kwa heshima ilikuwa ng'ombe. Kwa desturi ya ubugabire, mwenye mifugo, ambaye mara nyingi alikuwa Mtusi, alimkabidhi mkulima ng'ombe. Mpokeaji alifaidi maziwa na samadi, naye akawa na wajibu wa kumtumikia na kumheshimu aliyempa. Yule bwana kwa upande wake alipaswa kumlinda. Kwa hiyo aliyeonekana na ng'ombe alitambulikana kuwa ni mtu wa fulani. Mali ilitangaza uhusiano. Hata hivyo tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi, kwa maana kamba iliyomfunga ng'ombe ilimfunga na mtu pia, na wapo waliozaliwa na kufa wakiwa chini ya bwana wasiyemchagua.

Katika karne ya 19 iliingia mali ya namna nyingine. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilileta shanga na nguo. Hapo Ujiji shanga za sofi zilitumika sokoni kama sarafu. Kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts, nchini Marekani, kiliitwa merikani, nacho kikaanza kushindana na magome ya miti na ngozi walizovaa wazee wetu. Watawala wa Buha waliitambua haraka thamani yake. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipopita Buha akimtafuta David Livingstone, alitozwa hongo ya doti nyingi za nguo, tena zaidi ya mara moja, hata akaamua kutoroka usiku kwa njia za porini. Nguo wakati huo ilikuwa alama ya mamlaka: aliyekuwa nayo aliwagawia watu wake, na kwa kuwagawia akazidi kuwa mkubwa.

Mtu wa kawaida aliipataje nguo hiyo? Jibu lilikuja na ukoloni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliishika nchi hii mwaka 1916, na mwaka 1921 ikawa mikononi mwa Waingereza. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, ilhali milimani kwetu mazao ya kuuza yalikuwa machache na masoko yalikuwa mbali. Buha ikawa ghala la vibarua. Maelfu ya vijana walisafiri kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na baada ya wenye mashamba kuunda SILABU mwaka 1944, kazi ya kuwaandikisha na kuwasafirisha ilipangwa kwa utaratibu mkubwa zaidi.

Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Tukitafakari jina hilo, tutaona uzito wake. Huko nyumbani kijana alikuwa mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, wa kilima fulani. Mkongeni akawa namba juu ya kipande, yaani kadi iliyowekwa alama kwa kila siku ya kazi, na ujira ulitolewa zikitimia siku 30. Alivumilia ili alipe kodi, na pia ili arudi na kitu: nguo, blanketi, pengine fedha za mahari. Vitu hivyo vilimrudishia jina. Aliyeondoka kijana mtegemezi alirejea akiwa mtu wa kusikilizwa barazani.

Tusimhukumu kwa kupenda shuka jipya. Shuka hilo hakupewa na bwana yeyote. Alilinunua kwa jasho lake, na kwa mara ya kwanza akasimama bila kuwa mtu wa mtu. Huo ulikuwa uhuru wa kweli. Lakini gharama yake ililipwa na wengine pia: wake waliobaki kulima peke yao, wazazi waliozeeka bila msaada, na wale ambao hawakurudi kabisa. Shuka likionekana sokoni, hayo yote hayakuonekana.

Baada ya uhuru, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Hata hivyo, baadaye, Vita vya Kagera vilipokwisha, sabuni, sukari na nguo viliadimika, na mwenye navyo akatazamwa kama mtu mkubwa. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikajaa, na vazi likaacha kuwa ajabu.

Wakati huohuo majirani zetu walitupa fundisho jingine. Wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1993, na kutoka Kongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, walifika na walichoweza kubeba kichwani. Walioacha nyumba, maduka na mifugo walipanga mstari mmoja na maskini kabisa, kila mmoja na kadi yake ya mgao, namba nyingine tena. Lakini ndani ya kambi hizo walikuwapo walimu, wakunga na wazee wa kupatanisha watu, nao walitambulikana upesi kwa kazi zao. Mali ilibaki nyuma. Walichokuwa nacho kwa ajili ya wenzao kilivuka mpaka pamoja nao.

Hapo ndipo tunapoona kipimo. Ng'ombe alimuunganisha mtu na wenzake lakini akamnyima uhuru. Shuka la manamba lilimpa uhuru lakini likaficha machozi ya nyumbani. Leo kijana anapokopa ili anunue simu ya bei kubwa, tusianze kwa kumcheka, kwa maana anatafuta kile alichokitafuta babu yake: kuhesabiwa kuwa mtu. Tujiulize kwanza sisi wenyewe, je, asiye na kitu tunampa nafasi ya kusema katika mikutano yetu? Tunamwita kwa jina lake? Tukimheshimu kabla hajanunua chochote, huenda deni hilo asilihitaji.