Jina Mkwawa: lilikotoka, maana yake, na kwa nini wanaoitwa hivyo ni wachache

 

Karibu kila aliyesoma shule Tanzania analijua jina Mkwawa. Limo kwenye vitabu vya historia, na mjini Iringa ndilo jina la Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho kabla ya mwaka 2005 kilikuwa shule ya sekondari. Lakini ukifungua daftari la mahudhurio la shule yoyote, kumkuta mtoto ambaye jina lake la mwisho ni Mkwawa ni nadra, hata huko huko Iringa. Kihwele, Kalinga au Mgimwa utawakuta mara nyingi zaidi.

Inakuwaje jina lijulikane nchi nzima na bado wanaolibeba wawe wachache? Tunaeleza hapa chini, kisha tutagusa jambo linalomhusu kila msikilizaji: jina la ukoo wako wewe.

Maana ya jina

Mkwawa ni kifupisho. Jina lenyewe ni Mukwavinyika, na maana yake ni mtwaaji wa nchi nyingi, yaani mtu anayeshinda na kuchukua nchi za wengine. Neno nyika hata kwenye Kiswahili tunalo.

Wahehe walilifupisha wakasema Mukwava, na wazee wengi wanalitamka hivyo mpaka leo. Lilipopita kwenye midomo ya wasemaji wa Kiswahili na kwenye kalamu za wageni, "Mu" ikawa "M", na "v" ya mwisho ikawa "w". Likawa Mkwawa. Wajerumani nao waliliandika kwa namna zao, na katika maandishi yao ya zamani utalikuta limeandikwa Quawa. Anayetafuta habari za mtawala huyu kwenye nyaraka hizo akiangalia herufi M tu, anaweza kupita bila kumwona.

Si jina la ukoo

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mkwawa halikuanza kama jina la ukoo. Lilikuwa jina la sifa la mtu mmoja.

Majina yake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Tuyasome moja moja. Mkwavinyika ni jina lake la sifa. Munyigumba ni baba yake, aliyeziunganisha himaya ndogo ndogo za Uhehe zikawa na mtawala mmoja. Mwamuyinga linaonyesha ukoo, kwamba ni mtu wa ukoo wa Muyinga. Mbele ya hayo yote huwekwa neno Mtwa, ambalo ni cheo, yaani mtawala.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa Muyinga wa damu kabisa na asiitwe Mkwawa. Ukoo ni mpana, na Mkwawa ni nyumba moja ndani yake.

Kumpa mtu jina kwa matendo yake ilikuwa kawaida ya zama zile, na wageni hawakuachwa. Emil von Zelewski, ofisa wa Kijerumani aliyeongoza kikosi dhidi ya Wahehe, alijulikana kwa jina la Nyundo. Tom von Prince, aliyemwandama Mkwawa miaka ya mwisho, aliitwa Sakarani, neno la Kiswahili la mtu aliyelewa.

Jinsi jina lilivyovuka mipaka

Munyigumba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1870. Baada ya ugomvi wa kugombea utawala, mwanawe alishika nchi, na vita vyake na majirani, wakiwemo Wasangu, Wagogo na Wangoni, vililipa uzito jina la mtwaaji wa nchi.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi lake lilikivizia kikosi cha Zelewski. Zelewski mwenyewe aliuawa pamoja na askari wake wengi. Wajerumani walirudi wamejiandaa zaidi, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa aliponyoka akaendelea kupigana kwa kuvizia karibu miaka minne, huku kichwa chake kikiwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Ndipo jina likaingia mahali ambapo majina machache ya Kiafrika yaliingia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka mingi. Fuvu lililochaguliwa kwenye makumbusho ya Bremen lilirudishwa na Gavana Edward Twining tarehe 19 Juni 1954, na linatunzwa kwenye makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wa Iringa.

Kutoka sifa hadi jina la familia

Mwaka 1926 Waingereza, waliotaka kutawala kupitia machifu wa wenyeji, walimrudisha madarakani mtoto wa Mkwawa, Sapi. Mwaka 1940 alifuatiwa na mwanawe, Adam Sapi Mkwawa. Hapo sifa ya babu ikawa jina la tatu la mjukuu, kama karatasi za serikali zinavyotaka.

Mwaka 1963 sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika. Kiti kiliondoka, jina likabaki, na wengi walizoea kulisikia redioni, maana Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge kuanzia 1962 hadi 1973, kisha tena kuanzia 1975 hadi 1994.

Sababu ya uchache wake sasa inaonekana. Majina ya koo hubebwa na watu wa matawi mengi, vijiji kwa vijiji. Hili lilitoka kwa mtu mmoja, likapita kwenye nyumba yake, na lina uzito wa utawala ndani yake. Si jina ambalo mtu wa nje hujipachika hivi hivi.

Na jina la ukoo wako je?

Ukoo wa Muyinga haukusahaulika kwa sababu historia yake imeandikwa. Koo nyingi hazina bahati hiyo. Kwenye fomu zetu mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Baba akiwa Juma na babu akiwa Athumani, binti anaandikwa Asha Juma Athumani. Jina la ukoo halimo. Vizazi viwili vikipita bila mtu kuuliza, limepotea.

Tahajia nayo ina madhara yake. Jina likiandikwa kwa "v" kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa "w" kwenye kitambulisho cha taifa, mwenye jina atatakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule. Mara nyingi hilo hugundulika siku mbaya, kama wakati wa kufuatilia mirathi.

Tunashauri mambo manne. Kaa na mzee wa upande wa baba na wa upande wa mama, umwulize jina la ukoo na maana yake kwa lugha ya kwenu. Uliza pia nani alianza kuitwa hivyo na kwa sababu gani. Huenda nawe ukakuta ni sifa ya mtu mmoja. Mrekodi kwa simu akilitamka, kwa sababu maandishi hayabebi kila sauti. Halafu mkubaliane nyumbani namna moja ya kuliandika, na muifuate kuanzia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza.

Simu unayosomea makala haya inatosha kuifanya kazi hiyo. Anza na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani kwenu.