Darubini Iliyotazama Nyota Kupitia Hewa Iliyochafuka

Desemba 2022, ndege ya Boeing 747SP iitwayo SOFIA, iliyobeba darubini, ilifikishwa kwenye makumbusho ya Pima, mjini Tucson, Marekani. NASA na shirika la anga la Ujerumani, DLR, walikuwa wameisitisha kwa hoja kwamba matunda yake ya kisayansi hayakulingana na gharama. Katika hesabu hiyo, ushindi wa wahandisi wake dhidi ya hewa haukupewa uzito unaostahili.

Tatizo lilijulikana tangu miaka ya 1950. Hewa inayopita kasi ubavuni mwa ndege huchafuka, ikawa nzito hapa na nyepesi pale. Mwanga ukipenya humo hupinda huku na huku, na nyota huonekana ikicheza kama vitu vinavyotetemeka juu ya lami ya saa saba mchana.

Kabla ya SOFIA, lilikabiliwa na Kuiper, ndege ya mizigo ya C-141 iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970. Darubini yake ya sentimita 91 ilichungulia kupitia uwazi usio na kioo, maana kioo kingezuia sehemu kubwa ya miale ya infraredi. Mbele ya uwazi huo uliwekwa uzio wenye vitobo ili kutuliza mkondo wa hewa.

Machi 10, 1977, wakiwa ndani ya Kuiper juu ya Bahari ya Hindi kusini, James Elliot na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walisubiri Uranus ipite mbele ya nyota fulani. Waliwasha mitambo mapema. Kabla sayari haijafika, nyota ikafifia ghafla, ikarudi, ikafifia tena. Je, ni hewa tu? Lakini sayari ilipokwisha kupita, mififio ikajirudia upande wa pili, kwa umbali unaolingana. Hewa iliyochafuka haina nidhamu hiyo. Walikuwa wamegundua pete za Uranus!

Kuiper ilistaafu mwaka 1995. SOFIA, yenye darubini ya mita 2.5, iliweka mlango wake nyuma ya bawa, na ukingo wa uwazi ukachongwa ili kuongoza hewa. Picha za mawimbi mafupi bado ziliathirika; za mawimbi marefu ya infraredi zilipona zaidi. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba SOFIA imeona maji katika kreta ya Clavius mwezini.

Kuistaafisha bila kuandaa mrithi lilikuwa kosa, na mashirika yale mawili yanapaswa kulirekebisha wakati wahandisi walioijua hewa ile wangali hai.