Gome, Chachu na Jasho la Mkulima

Anayeshuka kutoka milima ya Masisi kuelekea misitu ya Walikale huiacha baridi nyuma na kukuta joto na mbu. Huko malaria haihitaji kutambulishwa. Yafaa tukumbuke dawa zake zilikotoka.

Katika karne ya 17 Wayesuiti walilieneza Ulaya gome la mti wa kwinini kutoka Peru. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou wakaitenga kwinini yenyewe. Wabelgiji waliupanda mti huo katika miinuko ya Kivu, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, mashamba ya Afrika yalipata thamani mpya. Kwa miongo mingi kiwanda cha Pharmakina, Bukavu, kimegeuza magome hayo kuwa dawa. Mwaka 1944 Woodward na Doering wa Marekani walitangaza njia ya kuiunda kwinini maabarani, lakini ilikuwa ndefu na ghali. Hata leo kwinini hutoka gomeni.

Mwaka 1972 kundi la Tu Youyou wa China lilitenga artemisinini kutoka mmea wa Artemisia annua, ambao baadaye ulilimwa pia Kenya, Uganda na Tanzania. Bei yake ilipanda na kushuka: ikipanda, wengi walilima, mavuno yakizidi, ikaanguka. Ili dawa ipatikane wakati wote, Jay Keasling na wenzake wa California walihamishia jeni za mmea huo ndani ya chachu, jamii ile ile iumuayo mkate. Chachu ikatoa asidi, nao wakemia wakaigeuza kuwa artemisinini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha kwa wingi nchini Italia.

Wengi walihofu kwamba mkulima angepoteza soko. Ikawa kinyume: artemisinini ya shambani ilishuka bei hata chachu ikashindwa kushindana nayo, na kiwanda kikauzwa. Je, mkulima alishinda? Alibaki sokoni, lakini kwa bei iliyokatwa katika jasho lake.

Hapo ndipo penye somo kwetu wa Kivu. Mti wa kwinini humngojesha mpandaji miaka kadhaa kabla ya gome kuvunwa, bei haimngoji. Basi tusibishane tu kama dawa itoke shambani au maabarani. Tuulize pia: aliyepanda amelipwa kwa haki, na mtoto mwenye homa kule Walikale ameipata dozi yake?