Wanyama wa Mti wa Wamunyu

Kitabu hiki cha miaka kumi ya ushirika wetu kimejaa habari za magunia na mizani. Mimi nimeomba ukurasa mmoja tu, nieleze habari za ndovu, twiga na vifaru wasiokula mazao ya mtu.

Msafiri atokaye Machakos kwenda Kitui hupita Wamunyu, katika nchi ya Ukambani. Vijiji vingine hujulikana kwa mlima au mto. Wamunyu alama yake ni mnyama wa mti. Asili ya habari hii ni Mzee Mutisya Munge. Tangu kale Wakamba walichonga vigoda, miko na vijiko, naye alikuwa fundi wa kazi hiyo. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 alitumikia upande wa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na huko akajifunza kwa Wazaramo kuchonga vinyago vya mpingo. Husimuliwa kwamba aliporudi kwao aliuficha ujuzi huo, usitoke nje ya jamaa zake. Simlaumu. Lakini tezo ina sauti, na majirani wana masikio. Kufikia miaka ya 1950 Wakamba wengi walikuwa wakichonga, na vinyago vyao vikiuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Hapo ndipo ilipoingia shida tunayoijua sisi wakulima: mwenye njaa ya jioni hawezi kushindana bei na mchuuzi mwenye subira. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Changamwe, Mombasa, waliunda chama chao cha ushirika. Wamunyu nako wachongaji wakawa na chama. Huko Changamwe kinyago hutiwa namba ya mwanachama aliyekichonga, na kikiuzwa chama hukata sehemu yake, fedha zinazobaki zikawa zake. Kwa kuwa ni katibu, napendezwa sana na namba hizo. Hata hivyo nasikitika kidogo kwamba twiga huvuka bahari akiwa na namba, bila ya jina la fundi wake.

Jambo gumu kuliko yote limekuwa mti wenyewe. Mpingo na muhuhu zilikatwa kuliko zilivyoota, na mpingo hutaka miaka mingi, kupita umri wa mtu mzima, ndipo ufae. Katika miaka ya 1990 wachongaji walianza kushauriwa watumie mwarobaini. Wengine walikataa, na hawakukosa sababu: rangi yake si ya kuvutia kama ya mpingo, tena ukikaushwa kwa pupa hupasuka, kazi ya siku nyingi ikapotea. Walipoujua tabia, waliukubali. Basi mkulima wa pwani, aliyeuweka mwarobaini uani kwa kivuli na dawa ya homa, akaona mchongaji anakuja na fedha mkononi.

Mti huo haudai umri wa mpingo. Mkulima akiupanda mwaka aliozaliwa mwanawe, kijana huyo huweza kuuuza yeye mwenyewe.