Macho Yanaruka: Historia Fupi ya Maabara ya Kusoma

Wadau, habari za bumu na foleni ya kantini leo tuziache. Sisi wa elimu tunaojiandaa na mazoezi ya kufundisha, kuna historia moja inatuhusu kabisa: ya watu waliokaa maabara miaka na miaka wakifuatilia macho ya mtu anayesoma. Basi, macho tu!

Ukiuliza hapa hosteli macho yanakwendaje mtu akisoma, wengi watakwambia yanateleza kwenye mstari kama treni kwenye reli. Kumbe sivyo. Mwaka 1879 daktari wa macho Mfaransa, Émile Javal, aliandika kwamba jicho la msomaji linakwenda kwa kurukaruka. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kazi ikawa kulipima. Kule Marekani Edmund Huey, aliyetoa kitabu maarufu cha saikolojia ya kusoma mwaka 1908, alitumia kikombe kidogo cha plasta chenye tundu, kikabandikwa kwenye jicho lililotiwa ganzi, kikiwa na kijiti chepesi cha kuchora kila mruko. Jamani, nani angejitolea? Ahueni ililetwa na Raymond Dodge, ambaye kufikia mwaka 1901 alikuwa anapiga picha mwanga unaoakisiwa na jicho, bila kuligusa.

Mwaka 1922 Guy Buswell wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa matokeo ya kupiga picha macho ya wanafunzi wa madarasa mbalimbali. Wadogo walitua mara nyingi kwa kila mstari na kukaa muda mrefu, wakubwa mara chache. Hapo ndipo watu wakarukia hitimisho: kumbe dawa ya msomaji dhaifu ni kuyafundisha macho yake! Zikatengenezwa hadi mashine za kuyafanyisha macho mazoezi. Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipinga. Kwake yeye macho yanaonyesha tu jinsi mtu anavyoelewa, hayaleti uelewa.

Ubishi huo ulihitaji maabara, na hapa anaingia Keith Rayner. Mwaka 1975 yeye na mwalimu wake George McConkie walitoa mbinu moja kali sana. Waliunganisha kompyuta na mashine ya kufuatilia macho, msomaji akitazama neno, herufi za karibu tu ndizo zinaonekana, nyingine zote zimegeuzwa kuwa x. Akihama, dirisha linahama naye. Wakilibana mpaka kasi yake ianze kushuka, wanajua jicho linahitaji kuona kiasi gani.

Mwaka 1978 Rayner alihamia Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, akakaa kama miaka 30 pamoja na wenzake kina Alexander Pollatsek na Charles Clifton. Maisha ya maabara hayakuwa ya kifahari. Msomaji aliuma kipande kilichofinyangwa kwa meno yake mwenyewe ili kichwa kisicheze, kisha anasoma sentensi baada ya sentensi.

Matunda yake ni haya. Kwa msomaji wa Kiingereza jicho linatua kama robo ya sekunde, halafu linaruka herufi 7 hadi 9. Linapokuwa hewani halipokei maandishi yoyote. Katika kila miruko 100, 10 hadi 15 ni ya kurudi nyuma. Na linafaidi herufi 3 au 4 tu upande wa kushoto, lakini 14 au 15 upande wa kulia.

Mwaka 1981 waliwapima watu wanaosoma Kiebrania na Kiingereza. Wakisoma Kiebrania, upande mpana ukahamia kushoto; wakirudi kwenye Kiingereza, kulia! Mwaka 2014 watafiti wengine waliona kushoto hivyo hivyo kwa Kiarabu. Wale mliopitia madrasa asubuhi na shule mchana, hapo mnajiona. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi.

Ila lililonigusa zaidi ni la mwaka 1986. Rayner aliwapa watoto wa darasa la nne maandishi magumu kuliko kiwango chao, na upana wao wa kuona ukapungua. Macho ni yale yale! Kilichobadilika ni ugumu wa maneno. Tinker alikuwa sahihi.

Rayner alihamia San Diego, California, mwaka 2008, akafariki Januari 2015. Mwaka uliofuata ilitoka makala aliyoandika na wenzake kuhusu kozi za kusoma kwa kasi ya ajabu. Jibu lao: ukiongeza kasi sana, uelewa unashuka. Kinachosaidia ni kuijua lugha na kusoma sana. Wazee wa kupiga msuli usiku mmoja kabla ya mtihani, poleni.

Sasa fikiria darasa la watoto 80 huko tutakakopangiwa. Yupo mmoja anafuata kwa kidole, anakwama, anarudi nyuma, wenzake wanacheka. Asiyeona vizuri apelekwe hospitali, hilo halina mjadala. Lakini wengi wamekwama kwa sababu maneno ni mageni, pengine Kiswahili amekikutia hapo hapo shuleni. Huyo ukimwambia "kaza macho" unamwonea bure. Mpe maneno, mpe hadithi anazoziweza, kisha ongeza ugumu pole pole. Macho yatafuata yenyewe.