Kikuba: Maua ya Jioni ya Mji wa Kale

Vitumba vya asumini huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, vikatungwa kimoja kimoja kwenye uzi. Usiku ukiingia hufunguka, na ndipo hunukia. Asumini, rehani na vipande vya mkadi hufungwa pamoja kuwa kikuba, kishada ambacho wanawake wa Kiswahili hukibandika kifuani wakienda harusini.

Mpiga picha, usije adhuhuri. Jua kali huunguza weupe wa asumini, na petali hazionekani tena. Subiri lishuke nyuma ya majumba ya Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, usogee karibu kwenye kivuli laini. Kwanza mwombe ruhusa mtungaji wa maua: mikono yake ndiyo iliyokibeba kikuba hadi leo.